Uwiano (ugawaji)

Uwiano ni uhusiano wa kiasi kati ya vitu viwili au zaidi, unaoonyesha kimoja ni mara ngapi ya kingine. Kugawa kitu kwa uwiano ni kumpa kila mhusika sehemu inayolingana na alichochangia au na haki yake, hivyo ni tofauti na kugawa sawasawa. Katika hisabati uwiano huandikwa kwa nukta pacha, kwa mfano 5:3:2.

Asili na maana ya neno

Neno linatokana na kitenzi "kuwia", ambacho maana yake mojawapo ni kumdai mtu. Anayedaiwa husema "nawiwa". Kauli ya kutendana ni "kuwiana", na kutoka hapo likapatikana jina "uwiano". Siku hizi maana ya deni haisikiki tena katika neno hili: mtu akisema matumizi yake hayawiani na kipato, anamaanisha kwamba hayalingani nacho. "Mgawo" ni fungu lenyewe analopata mtu, ilhali uwiano ni kipimo kinachotumika kulipata fungu hilo.

Nchini Kenya neno limechukua pia maana ya mshikamano wa jamii, kama katika jina la Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Msomaji wa Tanzania anaweza kudhani tume hiyo inahusika na hesabu za mgao, kumbe sivyo.

Mfano wa alizeti

Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, unajulikana kwa kilimo cha alizeti, na mashine za kukamua mafuta zimeenea mjini na vijijini. Tuseme wakulima watatu wa Iramba wanachanga mbegu zao ili zikamuliwe pamoja. Wa kwanza ana magunia 5, wa pili 3, wa tatu 2. Mafuta yanayopatikana ni lita 165. Wakigawana kwa idadi ya magunia, jumla ya mafungu ni 10, fungu moja ni lita 16.5, na kila mmoja anapata lita 82.5, 49.5 na 33.

Lakini magunia hayafanani. Ikiwa ya mkulima wa pili ni ya lumbesa, yaani yamejazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, mizani itatoa jibu jingine. Tuseme gunia lake lina kilo 80 na ya wenzake kilo 60. Uzito unakuwa kilo 300, 240 na 120, yaani uwiano wa 5:4:2. Mafungu sasa ni 11, kila moja lita 15, na migawo ni lita 75, 60 na 30. Kwa kuhesabu magunia badala ya kupima, mkulima wa pili angepoteza lita 10.5 bila mtu yeyote kumwibia. Mashudu yanayobaki hugawanywa kwa uwiano uleule. Si takataka, kwa kuwa ni chakula cha mifugo chenye bei yake.

Vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, hufuata njia hiyohiyo mwisho wa mzunguko: faida hugawanywa kwa idadi ya hisa za kila mwanachama.

Katika mirathi

Uwiano hutumika pia pale ambapo haki zinazidi mali iliyopo. Katika mirathi ya Kiislamu, mwanamke akifariki bila mtoto wala mzazi, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, mume anastahili nusu na dada hao theluthi mbili. Jumla ni 3/6 na 4/6, yaani 7/6, na shamba haliwezi kuzaa sehemu ya saba. Wanazuoni wa Kisuni hutatua jambo hili kwa kanuni iitwayo 'aul: mafungu yanakuwa 7, mume akachukua 3 na dada 4. Kwa shamba la ekari 42, mume anapata ekari 18 badala ya 21, na dada 24 badala ya 28. Kila upande umepunguziwa kwa kiwango kilekile, yaani moja ya saba ya haki yake. Washia hawaikubali kanuni hiyo. Kwao mume hupewa nusu yake kamili na upungufu huwaangukia dada.

Katika siasa

Katiba ya Tanzania, ibara ya 78, inaeleza kuwa viti maalumu vya wanawake bungeni hugawiwa kwa vyama kwa kuzingatia uwiano wa kura za ubunge walizopata. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura zote halali hakihesabiwi katika mgawo huo.

Uwiano wa kinyume

Si kila uwiano huongeza pande zote pamoja. Vibarua 6 wakivuna shamba kwa siku 4, vibarua 8 wenye kasi ileile watalimaliza kwa siku 3: idadi ya watu ikipanda, siku hupungua, na zao la namba hizo mbili hubaki 24.