KAZI YA TABIBU WA MITI

Mvua kubwa za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, huleta baraka mashambani, lakini huleta pia habari za huzuni: mti umeanguka juu ya nyumba, au umefunga barabara na kukata nyaya za umeme. Ardhi ikishiba maji mizizi hulegea, na upepo husukuma matawi yenye majani mengi kama unavyosukuma tanga la jahazi. Ndivyo ilivyotokea Uingereza usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba mwaka 1987. Udongo ulikuwa umelowa, miti ilikuwa bado na majani yake, na dhoruba ya usiku mmoja ikaangusha miti ipatayo milioni 15.

Dhoruba ya namna ile haizuiliki. Lakini mti mmoja ulio karibu na nyumba au shule ukianguka, watu husema kwamba ni bahati mbaya, na mara nyingi si bahati. Mti huo ulikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, na dalili zake zilikuwa wazi kwa mtu aliyefundishwa kuziona. Mtu huyo ndiye tabibu wa miti.

Kazi yake si ile ya mpasua mbao. Mpasua mbao hutaka mti uanguke. Tabibu wa miti hutaka mti usimame, tena usimame salama, na huuangusha pale tu ambapo hapana njia nyingine. Katika nchi za Ulaya na Marekani kazi hii ni ufundi wenye mafunzo na vyeti vyake. Hapa Kenya, ambako miji yetu ina mijakaranda, mikaratusi, migrivilea na mikuyu mingi iliyokwisha kuzeeka, ufundi huu unahitajiwa sana.

MTI HAUPONI KAMA MTU

Yafaa kwanza kuelewa jinsi mti unavyoishi. Sehemu iliyo hai ya shina si moyo wake, bali ni utando mwembamba ulio chini ya gome, pamoja na mbao changa zilizo karibu nao. Humo ndimo maji hupanda kutoka mizizini, na chakula hushuka kutoka majanini. Moyo wa mti mkubwa ni mbao zilizokwisha kufa, ambazo kazi yake ni kuubeba mti. Ndiyo sababu mti wenye pango huweza kuendelea kutoa majani kwa miaka mingi. Na ndiyo sababu mti uliochunwa gome pande zote hufa, ingawa shina lake likipasuliwa litaonekana zima.

Mtu akijikata, nyama huungana na kupona. Mti haufanyi hivyo. Mbao iliyojeruhiwa haiponi kamwe. Mti huifungia ndani, yaani huizungushia kuta ili uozo usienee, kisha huota mbao mpya juu yake mpaka kidonda kifunikwe. Jambo hili lilielezwa vizuri na Alex Shigo, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyefariki mwaka 2006. Yeye hakuridhika kuitazama miti kwa nje. Aliipasua kwa msumeno toka juu hadi chini, miti mingi sana, akafuata njia ya uozo ndani yake.

Mafundisho yake yalibadili kazi yote. Katika siku za John Davey, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuandika kitabu kiitwacho The Tree Doctor mwaka 1901, na kwa miaka mingi baadaye, mapango ya miti yalikwanguliwa na kujazwa saruji, na vidonda vilipakwa lami au rangi. Leo tunajua ya kwamba kukwangua huvunja ukuta ule ambao mti umejijengea. Kwamba saruji haiyumbi pamoja na mti upepo unapovuma, bali huusugua kwa ndani. Na kwamba rangi haizuii uozo.

Sisi wenyewe tunayo hadithi juu ya jambo hili. Husimuliwa ya kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wagikuyu, alisema utawala wa Waingereza utakwisha utakapoanguka mti wa mugumo uliokuwa Thika, na kwamba Serikali ya siku zile iliuzungushia chuma na saruji ili usianguke. Mti ulianguka hata hivyo, na mwaka 1963 Kenya ikapata uhuru. Tukiuacha utabiri kando, tabibu wa miti wa leo atasema neno moja tu: chuma na saruji haviuponyi mti.

JINSI MTI UNAVYOPIMWA

Tabibu wa miti hafiki na kupanda mara moja. Kwanza huuzunguka mti polepole, akiutazama toka ardhini hadi kileleni. Mambo anayoyatafuta ni haya:

(1) Uyoga unaoota kwenye shina au chini yake. Huo ni tunda la ukungu ulioko ndani, na ukionekana nje, uozo umekwisha kwenda mbali.

(2) Ufa katika shina, au mahali ambapo matawi mawili makubwa yameachana kwa pembe nyembamba na gome limebanwa katikati. Hapo hapana muungano wa kweli, na siku moja patapasuka.

(3) Mti ulioanza kuinama karibuni, na udongo wa upande mmoja umeinuka. Mti uliokua umeinama tangu utoto wake kwa kawaida si wa kuogopwa; huu mwingine ni hatari ya leo, na watu wasikae chini yake.

(4) Matawi makavu juu ya mahali ambapo watu hupita, hukaa au huegesha magari.

Kisha hugonga shina kwa nyundo ya mti na kusikiliza. Mti mzima hutoa sauti nzito. Wenye pango hulia kama ngoma. Lakini pango peke yake si hukumu ya kifo, kwa maana bomba pia lina nguvu ingawa ndani ni tupu. Kipimo kimoja cha kukadiria ni kwamba ukuta mzima wa mbao uwe angalau karibu theluthi ya nusu-kipenyo cha shina. Shina ambalo toka katikati hadi gome ni sentimita 60 litahitaji ukuta wa sentimita 20 hivi.

Jambo la mwisho la kutazama ni lile watu wanalolisahau: mahali ulipo mti. Mti mbovu katikati ya malisho unaweza kuachiwa ndege na nyuki. Mti ule ule ukiwa juu ya darasa la watoto hauwezi kungojewa.

JINSI TAWI LINAVYOKATWA

Tawi zito likikatwa kwa mkato mmoja toka juu, huanguka kabla halijakatika lote, nalo huchuna gome la shina mpaka chini. Kidonda hicho hakifunikwi upesi, na mara nyingi ndicho chanzo cha pango. Kwa hiyo fundi hukata mara tatu. Kwanza hukata toka chini ya tawi, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, kwenda juu kama robo ya unene wake. Pili hukata toka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, na tawi huanguka bila kuchuna. Tatu huondoa kigutu kilichobaki.

Mkato huu wa tatu ndio unaoonyesha nani fundi na nani si fundi. Palipo na tawi, shina huwa limevimba kidogo kama ukosi wa shati. Ukosi huo ni mali ya shina, nao ndio unaojenga ukuta wa kuzuia uozo. Yapasa kukata nje yake tu, bila kuugusa na bila kuacha kigutu kirefu. Akiukata ukosi, amevunja mlango wa nyumba. Akiacha kigutu, kitaoza na kuupeleka uozo ndani.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kuukata mti kichwa. Wenye nyumba wengi huogopa urefu wa mkaratusi au mgrivilea, wakaagiza ukatwe katikati, ubaki kama nguzo. Kwa mwaka mmoja huonekana kuwa salama. Kisha machipukizi mengi huota kwa haraka chini ya mkato, yakashikwa na mbao za juu juu tu, huku uozo ukishuka katikati ya shina. Baada ya miaka michache mti una matawi mazito yasiyo na mshiko, na hatari imekuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ikiwa mti wenye afya ni mzito mno, hupunguzwa matawi machache machache; na haifai kuondoa zaidi ya robo ya matawi yake mabichi katika mwaka mmoja.

KAZI YA JUU

Hii ni kazi ya hatari, wala haifai kufanywa na mtu mmoja. Fundi hupanda kwa kamba na mkanda uliofungwa kiunoni na mapajani, na hutumia fundo ambalo husogea likisukumwa kwa mkono lakini hukaza mara likibeba uzito wa mtu. Anapotumia msumeno wa mnyororo akiwa juu, hujifunga mahali pawili, ili akikata kamba moja kwa bahati mbaya, ya pili imshike. Huvaa kofia ngumu, miwani, vizuia sauti, na suruali yenye nyuzi ndani ambazo huusongamanisha mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika mguuni. Viatu vyenye miiba ya chuma hutumiwa kwa miti itakayoangushwa tu, kwa sababu kila mwiba ni kidonda katika mti ulio hai.

Chini yake hukaa mwenzake, ambaye huongoza kamba za kushushia matawi, huwazuia wapita njia, na hujua kupanda ili amwokoe aliye juu akiumia. Ikiwa nyaya za umeme ziko karibu, kazi haianzi mpaka kampuni ya umeme imekuja na kuzima. Tawi bichi lina maji, na umeme hupita ndani yake.

BIASHARA YENYEWE

Tabibu wa miti hawezi kutaja bei kwa simu. Lazima aone urefu wa mti, njia ya kuingilia, kilicho chini yake, na kama matawi yaweza kuangushwa au lazima yashushwe kwa kamba moja moja. Mti ulio uwanjani huweza kukatwa kwa asubuhi moja. Mti wa ukubwa ule ule ulio kati ya nyumba mbili huweza kuchukua siku tatu. Ndiyo sababu bei zao hazilingani.

Wewe mwenye mti, kabla ya kupatana naye muulize mambo haya, na majibu yaandikwe. Ni matawi gani yatakatwa, na kwa sababu gani? Nani atachukua magogo, nani kuni, nani ataondoa takataka? Je, ana bima, ikiwa tawi litavunja paa la jirani au kibarua ataumia? Je, mti ni wako? Miti ya kando ya barabara ni mali ya umma, haikatwi bila ruhusa ya wenye mamlaka. Mtu anayekuja mlangoni baada ya dhoruba na panga mkononi, akitaka fedha zote kwanza, asipewe kazi hata kama bei yake ni ndogo.

Fundi mwaminifu mara nyingine atakuambia usikate kabisa, nawe utamlipa kwa ushauri wake tu. Usione fedha hiyo imepotea. Mti uliokua miaka 80 hauwezi kununuliwa tena sokoni.

MIZIZI NAYO NI MTI

Mwezi wa Novemba 2020, mkuyu mkubwa ulioko Waiyaki Way, Westlands, Nairobi, ulikuwa uondolewe ili kupisha ujenzi wa barabara mpya. Watu wengi walipinga, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Hilo lilikuwa jema. Lakini mti huweza kuachwa usimame na bado ukauawa kwa chini. Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana. Hukaa karibu na uso wa ardhi, na huenea mbali kupita kivuli chake. Mtaro, lundo la udongo, au magari yanayoshindilia ardhi huua mizizi, na mti hukauka baada ya miaka kadhaa, watu wakishangaa sababu ni nini. Kanuni ya wajenzi wa Uingereza ni kuzungushia mti ua wenye umbali wa mara 12 ya upana wa shina. Shina la sentimita 50 huhitaji mita 6 kila upande.

Basi, kila mwenye mti karibu na nyumba, shule, kanisa au msikiti na auzunguke kabla ya mvua kuanza, atazame dalili zile nne tulizozitaja. Naye aliyepanda mche mwaka huu aanze mapema kuutunza. Tawi lenye unene wa kidole hukatwa kwa mkasi, na kidonda chake hufunikwa upesi. Likiachwa miaka 30 litahitaji kamba, msumeno na watu watatu. Samaki mkunje angali mbichi.