Tangawizi: Mbona Maziwa ya Chai Hukatika?

Lawama hii haikosi kusikika Milimani, hapa Kisumu: tangawizi mbichi imetiwa kwenye maziwa ya moto, na kabla chai haijachemka maziwa yamekatika, mabonge yanaelea juu. Mwenye duka huambiwa ameuza maziwa yaliyolala. Mara nyingi anaonewa.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zinjibaini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Kikikuta maziwa yenye joto ambayo hayajachemka, huivamia kaseini, protini kuu ya maziwa, nayo yakaganda. Wachina wa Guangdong hufanya hivyo makusudi na kula maziwa hayo yakiwa matamu. Moto mkali hukiua kimeng'enya hicho. Basi ponda tangawizi, ichemshe vizuri na maji na majani ya chai, ndipo umimine maziwa. Kwenye nyama ya mbuzi kimeng'enya hichohicho ni msaada: ipake tangawizi iliyopondwa saa moja hivi kabla ya kuichoma, italainika. Ukiiacha usiku kucha, upande wa nje hulegea kama uji. Samaki kama ngege na mbuta ni laini tayari. Humo tangawizi huingia kwa ladha na harufu tu, pamoja na kitunguu saumu na ndimu.

Ukali wake hutokana na jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi. Ndiyo maana unga wake huwasha koo namna ile.

Kwa upande wa tiba, sifa zimeupita ushahidi. Ushahidi mzuri upo kwenye kichefuchefu, hasa cha ujauzito. Mwaka 2001 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya jaribio la wajawazito 70. Waliopewa gramu 1 ya unga wa tangawizi kwa siku, kiasi cha nusu kijiko cha chai, kwa siku 4, walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Inadhaniwa kwamba viambato vyake huzuia vipokezi vya serotonini tumboni, vinavyoupa ubongo taarifa ya kutapika.

Ile "dawa" ya hotelini, yaani tangawizi, ndimu na asali, hutuliza koo lakini haiui virusi vya mafua. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe, kwa sababu ya asali. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza, maana tangawizi nyingi huenda ikaongeza hatari ya kutoka damu.

Ninalolihofia zaidi huku ziwani ni malaria. Mjamzito akitapika huku mwili una joto, watu husema ni mimba tu, anaandaliwa chai ya tangawizi. Apimwe malaria siku hiyohiyo. Ile ya kimelea kiitwacho falsiparamu isipotibiwa inaweza kuwa kali ndani ya saa 24, na tangawizi, hata ikiutuliza utapishi, haigusi vimelea vilivyo damuni.