Upepo, Umeme na Jirani wa Mnara

Mwezi wa Desemba 2009, hitilafu katika njia ya umeme itokayo Tanzania Bara iliiacha Unguja gizani kwa takriban miezi mitatu. Tangu 1980 kisiwa hicho kilikuwa kikitegemea waya uliolazwa chini ya bahari; wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa 2013. Si ajabu, basi, kwamba pepo za kusi na kaskazi, zilizosukuma majahazi kwa karne nyingi, hutazamwa kama chanzo cha umeme wa kisiwani penyewe.

Hata hivyo, mtambo wa upepo haujengwi popote. Nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu huongezeka mara 8. Kwa hiyo mhandisi hutafuta mahali palipo wazi kwa upepo, mfano wa miamba ya pwani ya Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Lakini hapo pana nyumba, mashamba na mapango ya matumbawe. Mapango ya namna hiyo huwa makao ya popo, na popo hufa wagongwapo na mapanga ya mtambo.

Mgongano wa aina hii ulikwisha kutokea Kinangop, nchini Kenya. Mradi wa megawati 60.8 ulipingwa na wakulima kwa ajili ya ardhi, fidia na hofu ya afya. Katika maandamano ya 2015 mtu mmoja alipoteza maisha, na 2016 mradi ukaachwa.

Baadhi ya hofu hizo hupimika. Kila umbali unapoongezeka mara 2, sauti ya mtambo hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kivuli cha mapanga, kipitacho madirishani jua linapokuwa chini, huweza kukadiriwa kwa saa na tarehe. Utafiti haujathibitisha kwamba mitambo huleta maradhi ya pekee, ila kelele zake huwaudhi baadhi ya majirani.

Lakini hakuna kipimo kiamuacho nani atoe ardhi na nani anufaike. Hapana budi vipimo viwekwe mbele ya wanakijiji, nao wasikilizwe, kabla msingi wa mnara haujachimbwa. Anayeuliza mnara utasimama umbali gani na nyumba yake hapingi sayansi. Ameuliza swali la kisayansi.