Kujifungulia nyumbani: Wataalamu wanatofautiana wapi?

Katika kata ya Bugomora, iliyokuwa Karagwe kabla ya kuanzishwa wilaya ya Kyerwa mwaka 2012, kama vijiji vingi nchini, si jambo geni mama kujifungulia nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi. Je, ni salama?

Wataalamu hawana kauli moja. Utafiti uliotolewa England mwaka 2011 ulionesha kuwa kwa mama mwenye afya njema aliyekwisha kuzaa, kujifungulia nyumbani hakukumwongezea mtoto hatari. Kwa mimba ya kwanza, hatari iliongezeka. Madaktari wa uzazi wa Marekani wao wanashikilia kuwa hospitali na vituo vya uzazi ndiyo mahali salama zaidi.

Lakini tuangalie vizuri. Mama wa England aliye nyumbani huwa na mkunga aliyesomea, dawa ya kuzuia damu na gari la wagonjwa. Hata hivyo, katika utafiti huo, takriban 45 katika kila 100 waliopanga kuzaa mtoto wa kwanza nyumbani walihamishiwa hospitali. Kwa hiyo linalogombewa hasa si nyumba, bali ni msaada utafika baada ya muda gani. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kijijini, saa hizo huweza kuishia katika kutafuta pikipiki na nauli.

Wapo waume wanaochelea stara ya wake zao. Hilo ni jambo la heshima, na dawa yake ni kuulizia mapema mkunga mwanamke. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, uhai hutangulia.

Ndugu Muislamu, mimba ikifika miezi saba weka akiba, mjue mwenye chombo cha usafiri, na utoe idhini mapema ili mkeo asisubiri urudi safarini. Mwenye mimba ya kwanza, mapacha, shinikizo la damu au aliyewahi kupasuliwa asijaribu nyumbani kabisa. Uchungu ukimkuta mama ghafla, mikono ioshwe kwa sabuni na kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kwani uchafu huleta pepopunda. Akitokwa damu nyingi, akipata degedege, au kondo la nyuma lisipotoka kwa nusu saa, akimbizwe hospitali.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha Bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Allah. Nasi tufunge kabla ya uchungu kuanza.

Wabillahi tawfiq.