Pikapu Kuukuu Hufufuliwa Vipi?

Msomaji mpenzi, je, umewahi kuona pikapu ya Peugeot 404 ikipita Jogoo Road, iking'aa kama kioo, ukajiuliza gari hilo la enzi za babu limetoka wapi? Wengi wetu husema tu, "Ah, hiyo ni skrepa imepakwa rangi," kisha tukaenda zetu. Leo ningependa kueleza jinsi pikapu kuukuu inavyofufuliwa, na kwa nini kazi hiyo si mchezo.

Kwanza historia kidogo. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka wa 1960. Huku kwetu ilijipatia sifa kwa kushinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari lililoshinda matope na mashimo yetu lingekosaje wanunuzi? Pikapu yake ilibeba kabeji, maziwa, maharusi na hata majeneza. Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka wa 1973, wenye pikapu wengi walikimbia kwa mafundi. Nyuma palichomelewa fremu ya vyuma na mabati, ndani yakawekwa mabenchi mawili yanayotazamana, na mlangoni akaning'inia manamba. Jina matatu lenyewe latokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani mapeni matatu.

Kule Marekani vijana nao walikuwa na mambo yao, yaitwayo hotirodi. Walichukua magari na pikapu kuukuu, hasa Ford za 1932, wakang'oa madigadi ili kupunguza uzito, wakashusha paa, wakatia nguvu injini ya V8, kisha wakashindana katika maziwa yaliyokauka ya California. Tofauti ni hii: Mmarekani alikata gari apate mbio, fundi wa Eastlands alilikata apate unga.

Sasa tuingie gereji. Hatua ya kwanza ni kufungua. Boneti, milango, viti, nyaya, vyote vinatolewa hadi gari libaki mifupa. Kila nati huwekwa kwa mkebe wake, la sivyo utaitafuta mpaka jioni.

Hatua ya pili ni kutu, na hapa ndipo ukweli hujulikana. Kutu huanzia pale maji yanapotuama: chini ya mazulia, ndani ya milango na kwenye kona za sakafu. Fundi mwema hukata sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya. Mlaghai huziba shimo kwa pati, akapiga msasa, akapaka rangi. Kwa macho huwezi kutofautisha! Kwa hivyo, mzazi wako akitaka kununua gari kuukuu, mwambie abebe sumaku. Sumaku hushika chuma, lakini penye pati nene huteleza na kuanguka.

Hatua ya tatu ni injini. Ile ya 404 ya petroli ina ujazo wa sentimita 1618 za mraba-tatu, nayo imelazwa upande kwa digrii 45 ili boneti isiinuke sana. Fundi hukagua pistoni, hubadilisha ringi na gasketi, kisha husafisha kabureta.

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka: breki na stiaringi. Katika fizikia tumesoma kwamba mwendo ukiwa mara mbili, nishati ya mwendo huwa mara nne. Basi ukitia injini kali ukaacha breki zilezile za zamani, umejenga jeneza lenye magurudumu. Ndiyo sababu Wally Parks alianzisha chama cha NHRA huko Marekani mwaka wa 1951, ili mashindano ya hotirodi yatoke barabarani yaende uwanjani chini ya masharti. Hapa Kenya, sheria ya mwaka wa 1984 ililazimisha matatu kupata leseni na kukaguliwa, na kanuni za mwaka wa 2004 zikaleta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa.

Rangi huja mwisho kabisa. Anayeanza na rangi anaficha kitu.

Wanafunzi wenzangu, kuna wanaodhani kwamba anayeshika spana ni aliyefeli mtihani. Nenda Kariobangi Light Industries umtazame fundi akinyoosha bati kwa nyundo hadi lifuate mkunjo wa mlango, bila mchoro wowote. Hiyo ni hesabu, fizikia na sanaa kwa pamoja. Tena maisha ya abiria yako mikononi mwake: akilaghai, watu hufa, akifanya haki, watu hufika nyumbani. Tumheshimu, na tumdai kazi safi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.