Kiwanja cha bei nafuu karibu na uwanja wa ndege: uliza kabla hujalipa

Mtu wa Katoro akiuza mpunga vizuri, au shimo likimpa dhahabu kidogo, mara nyingi anawaza kununua kiwanja Mwanza. Dalali anampeleka Ilemela na kumwonyesha eneo tambarare, bei nafuu. Ndege inapita juu, chini kabisa. Dalali anamwambia kelele atazizoea. Lakini kelele ndilo tatizo dogo kuliko yote.

Uwanja wa Ndege wa Mwanza hautumiwi na abiria peke yao. Pana pia kambi ya jeshi la anga la JWTZ. Ardhi inayouzunguka inabanwa na usalama wa ndege na usalama wa jeshi kwa pamoja. Wakazi wa Shibula, jirani na uwanja huo, wanaujua mgogoro wa mipaka uliodumu kwa miaka mingi.

Kwa nini ujenzi unazuiwa?

Kwanza ni kimo. Ndege inayotua hushuka polepole, hivyo njia yake ya angani huanza mbali, nje ya uzio. Kwa viwanja vikubwa, kanuni za kimataifa zinataka vitu vilivyo kwenye njia hiyo visizidi takriban mita 1 ya kimo kwa kila mita 50 za umbali kutoka karibu na mwisho wa barabara ya kurukia. Umbali wa mita 500, kimo ni kama mita 10 tu. Ghorofa au mnara wa simu unaweza kuwa hatari hata kama umejengwa nje ya uzio.

Pili ni ndege wenye manyoya. Jalala na machinjio huwavuta kunguru na korongo, na mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuiharibu. Mwongozo wa kimataifa unashauri jalala lisiwekwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani.

Tatu ni silaha. Mabomu yalilipuka katika kambi ya jeshi Mbagala, Dar es Salaam, tarehe 29 Aprili 2009, na tena Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Watu zaidi ya 20 walikufa katika kila tukio, na vipande vya makombora viliangukia kwenye nyumba za raia. Gongo la Mboto haiko mbali na uwanja wa ndege, na safari za ndege zilisimamishwa.

Vita navyo havichagui. Mwaka 1979, wakati wa Vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyotumwa kuishambulia Mwanza ilikosa shabaha, na makombora yake yakaua wanyama Kisiwa cha Saanane.

Haki yako ni ipi?

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Mwenye haki ya ardhi hiyo anastahili fidia: thamani ya ardhi na majengo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Lakini aliyenunua eneo ambalo tayari lilikuwa limetengwa anaweza kuambulia alama ya X ukutani, na karatasi ya mauziano peke yake haitamsaidia sana.

Ufanye nini?

Usiishie kwa dalali wala kwa mwenyekiti wa mtaa. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uombe kuona mchoro wa mipango miji na uulize kiwanja kimepangiwa matumizi gani. Hakikisha bikoni zinaonekana. Kabla ya kupanda ghorofa, uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kimo kinachoruhusiwa.

Nasi huku tunao Uwanja wa Chato, mkoani kwetu. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ukiitwa kwenye mkutano huo, nenda. Ni rahisi kuhamisha mstari kwenye ramani kuliko kuhamisha nyumba yenye watoto ndani.