Makaa ya Mkebe au Gesi ya Kilo 6?

Mpangaji wa chumba kimoja Lurambi au Amalemba, Kakamega, huikwepa gesi kwa sababu ya mkupuo: kujaza mtungi wa kilo 6 hupita elfu moja. Makaa ni leo kwa leo. Ila mkebe wa shilingi 80 kila siku ni 2,400 kwa mwezi, nazo hazionekani zikitoka.

Linganisha joto linalofika sufuriani. Jiko la makaa lenye kauri hufikisha kama robo tu, meko ya gesi nusu hivi. Tena gesi ina joto zaidi, kilo kwa kilo. Kwa hiyo kilo 1 ya gesi hupika kama kilo 3 za makaa, na mtungi mdogo hukaribia kilo 18 za makaa. Pimisha mkebe wako kwenye mizani ya sokoni, upige hesabu.

Maharagwe ndiyo huivuruga hesabu hiyo, maana hukaa motoni muda mrefu. Yaloweke usiku kucha, au tumia sufuria ya presha ya umeme, ambayo huyaivisha kwa chini ya uniti 1 ya tokeni. Bei yake ni maelfu kadhaa, na mvua ya alasiri ya Kakamega ina tabia ya kuondoka na stima.

Shinyalu, karibu na msitu, kuni ni za kuokota na gesi haiwezi kushindana nazo. Huko ningenunua kauri ya jiko la Upesi na kuijengea kwa udongo. Hula kuni kidogo kuliko mafiga, ila moshi haumaliziki: kuni zikauke, na jikoni pawe na tundu juu karibu na paa.

Makaa yana hatari ya peke yake. Jiko likishawaka jekundu bila moshi, watu huliingiza ndani walale na joto. Hapo ndipo hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua waliolala. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha. Jiko lilale nje.

Gesi nayo ikivuja hutulia sakafuni. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira; yakitoa mapovu, funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi. Na dukani, usiondoke kabla ya kupima: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, ongeza 6.